Mkopo unaokutafuta kwenye simu: ukubali ao uuache?

Mesaji inaingia jioni, mara nyingi siku mbili tatu kiisha koperative kulipwa na mnunuzi. Inasema hivi ao karibu na hivi: hongera, unaweza kupata mkopo wa dola 100 sasa hivi, bonyeza 1. Hakuna karatasi ya kusaini, hakuna kupanda toleka mpaka mjini, hakuna kupanga mstari mbele ya mlango wa benki. Mtu aliyezunguka miaka akiomba mkopo wa shamba na kujibiwa "rudi wiki ijayo", leo mkopo njo unamtafuta yeye. Lazima moyo uruke.

Katika mikutano ya koperative za barabara ya Buta, za Ubundu, na hata hapa Lubunga ngambo ya mto, ulizo hili linarudi kila mara: tukubali? Hatutajibu "hapana" kwa wote. Kuna mkopo wa simu unaomsaidia mkulima, na kuna ule unaomfanya angoe mihogo kabla haijakomaa. Mesaji yenyewe haikuonyeshi ni upi. Utaujua kwa kuangalia vitu viwili: jina lililoandikishwa kwa ile SIM, na hali ya shamba lako siku deni litakapotakiwa.

Tuanze na jina, kwani matata makubwa yanajificha hapo.

Kwa koperative nyingi za kwetu, pesa ya mauzo inapita kwenye simu ya mtu mmoja, prezidenti ao mtunza hazina. Mnunuzi wa mpunga ao wa kakao anatuma, yeye anaenda kutoa kwa kabini, anagawa mbele ya watu. Kazi inafanyika vizuri, hatuilaumu. Lakini mashini ya kampuni haioni wanachama 40. Inaona namba moja tu inayopokea pesa nyingi kila msimu, inahesabu, kiisha inasema huyu ni mtu mwenye nguvu. Mtunza hazina mwenye mbuzi wawili na kuku sita anapopewa nafasi ya kukopa dola 300, tujiulize hizo dola 300 zimepimwa juu ya nini. Kuku sita? Zimepimwa juu ya jasho la watu 40.

Tena mkopo wa namna hii, ukikawia kulipwa, mara nyingi hauletwi mtu wa kubisha mlangoni. Wanakata tu. Wote tunajua vile uniti za kukopa zinafanya: umekopa jana, leo unaingiza uniti mpya, nusu imeenda kabla hujapiga simu hata moja. Kule Kenya kuna huduma inayoitwa Fuliza, ilianza mwaka 2019, na pesa yoyote inayoingia kwenye konti ya mtu inalipa deni kwanza. Sasa fikiri mnunuzi ametuma malipo ya mpunga wa koperative nzima kwenye simu ya mama mtunza hazina, naye ana deni lake la dola 120, alilolichukua kwa shida ya kweli, pengine mtoto alilazwa. Pesa inaingia pungufu. Wanachama wanahesabu magunia, wanahesabu franka, haziko sawa. Hata akieleza ukweli, nusu ya mkutano itasema ameiba. Msimu unaofuata kila mtu anamuuzia mfanyabiashara wake kando ya barabara, kwa bei ya huyo mfanyabiashara.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza kwa komite zote: simu inayopokea pesa ya koperative isikope, hata uniti. Muwe na SIM yake peke yake, na mwenye kuitunza akope kwenye namba yake ya nyumbani akitaka, hiyo ni haki yake. Vizuri zaidi ni konti kwa jina la koperative, kwenye benki ao kwenye koperative ya akiba na mikopo, yenye saini mbili. Nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative, ya tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010, inaitambua koperative iliyoandikishwa kuwa mtu wa sheria, mwenye mali na madeni yake mwenyewe. Koperative ikitaka kukopa, ikope yenyewe, wanachama wakijua kiasi, tarehe ya kulipa na kitu kitakacholipa, na yote yaandikwe kwenye kitabu cha mkutano. Jambo hilo halipaswi kuamuliwa na kidole kimoja saa mbili ya usiku.

Mambo ya kumtumia mtu mkopo asiouomba si ya leo. Mwezi wa 9 mwaka 1958, benki moja ya Marekani, Bank of America, ilituma karte za mkopo kwa posta kwa watu 60,000 wa mji wa Fresno na vijiji vya karibu, katika jimbo la California. Hakuna aliyekuwa ameandika barua ya kuomba. Benki ilifikiri watu 4 kwa 100 watakawia kulipa. Walifika 22 kwa 100. Hata hivyo mabenki mengine yaliiga, mpaka mwaka 1970 sheria ya kule ikakataza kumtumia mtu karte asiyoiomba. (Fresno, kwa wale wanaopenda kujua, ni mji wa wakulima: zabibu, pamba, matunda.)

Karibu na siye, Kenya ilitangulia. Mwezi wa 11 mwaka 2012 Safaricom na benki iliyoitwa CBA walianzisha M-Shwari, mkopo wa simu wa siku 30 wenye malipo ya 7.5 kwa 100. Watu wengi walisaidika, tusiseme uongo. Wengine walikopa hapa kulipa pale, na majina yao yakaandikwa kwenye orodha ya wasiolipa. Mwezi wa 4 mwaka 2020 Benki Kuu ya Kenya ilibidi ikataze kuandika kwenye orodha hiyo watu wenye deni lisilofika shilingi 1,000. Shilingi 1,000 wakati ule ilikuwa karibu dola kumi. Kwa deni kama hilo mtu alikuwa anafungiwa mlango wa benki.

Sasa twende shambani. Nilisoma IFA Yangambi. Walitufundisha sana udongo, magonjwa ya mihogo na mbegu, riba kidogo sana. Lakini kalenda ya mpunga inatosha kutufundisha riba.

Tuseme mwanachama anakubali dola 100 za siku 30 ili alipe watu wa kulima na kupanda nusu hekta ya mpunga wa nchi kavu. Siku ya 30, mkopo unadai. Mpunga unafanya nini siku hiyo? Unatoa machipukizi pembeni, majani tu, mbuzi wa jirani peke yake njo anaweza kufaidika. Siku ya 60 mpunga unaanza kubeba mimba, na palizi ya pili inataka pesa nyingine. Siku ya 90 watoto wako shambani tangu asubuhi wakifukuza ndege. Ni siku ya 120 hivi njo unavuna, na bado kupiga, kuanika, kupeleka kwenye mashini ya kukoboa, kungoja mnunuzi. Hesabu miezi minne na nusu kabla franka ya kwanza haijaingia mkononi.

Mkopo wa siku 30 kwa mazao ya siku 120 na zaidi: mtu atalipa na nini katikati? Tunajua, kwani tumeona. Anauza mbuzi. Anauza gunia la mbegu alilolitunza. Anangoa mihogo ya miezi minane iliyopaswa kufika kumi na miwili. Ao, mbaya kuliko yote, anauza mpunga ungali kijani kwa mfanyabiashara, kwa nusu ya bei, na siku ya kuvuna anavuna mali ya mtu mwingine.

Na kama kampuni inakubali kuongeza muda? Tuchukue kipimo kile cha 7.5 kwa 100 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza dola 7 na nusu, inaonekana ni kitu kidogo, wengi wanasema ni bei ya kuku. Lakini miezi minne ni dola 30 juu ya dola 100. Mwaka mzima ni dola 90. Shamba gani la mpunga huku kwetu linarudisha faida ya hivyo na kukuachia kitu cha kula? Tena kampuni nyingi hazikubali kuongeza muda kila mwezi.

Wengine watajibu: afadhali simu kuliko Banque Lambert. Kweli. Ukimwendea yule anayekupa 100 na kutaka 150 mwisho wa mwezi, huku ameshika karte yako ya mshahara ao karatasi ya kiwanja, simu ni nafuu sana. Lakini tusiipime simu na mwizi peke yake. Tuipime na AVEC ya kijiji pia. Mtindo huu wa kuweka na kukopeshana ulianza Niger mwaka 1991, wamama wakisaidiwa na CARE, na leo uko hata huku Tshopo. Riba ya AVEC inaweza kuwa sawa na ya simu, hata kupita. Tofauti ni kwamba mwisho wa mzunguko riba ile inagawiwa kati yenu wenyewe. Tena mtu wa AVEC anajua kama mvua ilikawia. Simu haijui.

Basi mkopo wa simu unafaa wapi? Unafaa pale mali iko tayari na pesa inakosekana siku chache tu. Mfano: una magunia 20 ya mpunga mkavu nyumbani. Mfanyabiashara anakuja mpaka mlangoni, anatoa franka 50,000 kwa gunia. Mjini mnunuzi mliyekwisha kupatana naye anatoa 65,000. Usafiri na mizigo ni 7,000 kwa gunia, jumla 140,000, nawe huna. Unakopa 140,000, unalipa 10,500 juu yake. Tofauti ya bei inakupa 300,000. Ukiondoa usafiri na malipo ya mkopo unabaki na 149,500 ambazo usingezipata mlangoni. Hapo bonyeza 1 bila hofu. Hata barabara ikiharibika na ukalipa mwezi wa pili, ungali na 139,000. Lakini kama hamjapatana na mnunuzi, na ukifika sokoni unakuta boti tatu za mpunga zimeshusha na bei ni 57,000, tofauti yote inaliwa na usafiri, na malipo ya mkopo unayatoa mfukoni. Bei hizi ni za mfano. Weka za kijiji chako uhesabu tena.

Angalia pia mkopo ni wa dola ao wa franka. Mkulima anauza kwa franka. Mwanzo wa 2022 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000; mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,700. Aliyekopa dola alihitaji mpunga zaidi kulipa deni lile lile. Dola inaweza kushuka pia, lakini siye si watu wa kucheza karata na dola. Uza kwa franka, kopa kwa franka.

Halafu kuna mesaji ambazo si mkopo hata kidogo. Zinatoka kwenye namba ya kawaida, zinataja jina la kampuni ao la mradi (hata la mradi wetu), na zinaomba utume kwanza franka 15,000 za "kufungua dosie". Ao mtu anapiga simu kwa sauti tamu na kuomba kode yako ya siri. Wazee wanaikumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, vile watu walitoa pesa zao mbele wakingoja zirudi nyingi, na mwaka 1991 yote ikaanguka. Mkopeshaji wa kweli anakata malipo yake juu ya pesa aliyokupa. Hakuombi umpe kwanza. Na kode yako hana kazi nayo. Ukiwa na mashaka, usijibu ile mesaji. Nenda kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, ulize kwa mdomo: jumla nitalipa ngapi, tarehe gani, nikikawia mnaongeza ngapi, na mnakata wapi? Wakishindwa kukujibu moja ya hayo manne, rudi nyumbani. Kukaa kimya hakukufanyi mdeni, lakini kidole cha mtoto anayechezea simu kinaweza. Fungeni simu zenu kwa kode.

Kwa wale watakaopanda mpunga wa msimu B katikati ya mwezi wa 8, mavuno ni katikati ya mwezi wa 12, na pesa, kama mashini ya kukoboa haina mstari mrefu, ni karibu na mwaka mpya. Mesaji ikiingia kati ya sasa na wakati ule, tazama tarehe ya kulipa. Ikiwa ni kabla ya mwaka mpya, uwe na kitu kingine cha kulipia kilicho mkononi tayari: ndizi zilizokomaa, mafuta ya mawese ya wiki hii, mshahara wa mtu wa nyumbani. Komite ambazo bado zinapokelea pesa kwenye simu ya mtu, waleteni prezidenti na mtunza hazina kwenye mkutano ujao pamoja na kitabu cha mauzo. Agronomu wa eneo lenu atasaidia kuandaa karatasi za kufungua konti.