Mbawakawa wa Msitu wa Windsor
Katika msitu wa Windsor, Uingereza, yumo mbawakawa mweusi ang'aaye kibuluu, urefu wake milimita 12 hivi, ambaye hata mabingwa wa wadudu humwona kwa nadra. Nchini humo aligunduliwa mwaka 1937. Akianguka chali hahitaji miguu: mwiba ulio chini ya kifua huingia kishimoni mwake kwa kishindo, "ta!", naye hurushwa juu. Kuruta yeyote angemwonea wivu.

Ufundi huo haumwokoi na shoka. Buu lake hukulia katika ungaunga wa mbao zilizooza ndani ya miti mikongwe yenye mvungu, ambayo wakata miti wengi huiona takataka. Mvungu huo huhitaji karne kupatikana. Kuuangusha mti ni kazi ya asubuhi moja. Sheria ya Uingereza sasa yamlinda.