Modemu Imekwama? Pesa Zinaweza Kuwa Zimeingia

Ni Jumapili saa nane mchana pale Kikopey. Mbuzi wako kwa moto, magari yamejaa kando ya barabara ya Nakuru, na kompyuta ya kaunta imegoma: ukurasa wa malipo unazunguka tu. Mteja anasema ashalipa kilo mbili. Wewe huoni kitu. Utamwambia alipe tena?

Usimwambie bado. Kwanza tuangalie hicho kifaa kidogo ulichochomeka kwenye kompyuta.

Kompyuta huongea kwa sifuri na moja. Mnara wa simu nao unasikia mawimbi ya redio. Modemu hukaa katikati kama mkalimani: inapachika ujumbe wa kompyuta juu ya mawimbi, na jibu likirudi inaubandua tena. Modemu za zamani zilifanya kazi hiyo hiyo kwa sauti, kupitia waya wa simu ya mezani, na kasi yake ilikomea kilobiti 56 kwa sekunde. Mtu akiwa kwa intaneti, hakuna aliyeweza kupiga simu nyumbani.

Modemu ya siku hizi ina laini ndani, kama ya simu. Ukiiwasha, mtandao huitambua laini hiyo, hukagua kama ina bando, kisha huipatia anwani ili majibu yajue pa kurudi. Data ikihitaji kwenda ng'ambo, mara nyingi hupitia Mombasa, zinakotua nyaya za chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS, zilizofika mwaka 2009. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa kali kweli.

Safari ni ndefu, kwa hivyo inaweza kukatika mahali pengi. Anza na bando. Wengi hukumbuka hilo mwisho. Halafu mabati na kuta za mawe hudhoofisha mawimbi, basi sogeza modemu karibu na dirisha, au tumia waya mrefu wa USB. Na wikendi watu wakifurika, kila mmoja anatuma picha za nyama na wote wanagawana mnara ule ule. Hapo ni kungoja tu.

Lakini malipo ya mteja hayakupita kwenye modemu yako. Alipobonyeza nyota na reli, agizo lake lilitumia njia ile mtandao wa simu hutumia kuongoza simu zenyewe, njia isiyohitaji bando. Ujumbe wa kuthibitisha nao huja kama SMS kwenye simu ya biashara, hata kama ni kabambe. Akitumia programu, ni data yake yeye. Kompyuta yako ilikuwa dirisha la kuchungulia akaunti, basi.

Kwa hivyo shika simu ya biashara. SMS ikiwa imefika, linganisha nambari ya muamala na ile ya mteja. Ikiwa haijafika, angalia salio kwa menyu ya nyota na reli, maana SMS huchelewa wakati mwingine. Usitoe nyama kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja pekee. Ujumbe feki huandikwa kwa dakika moja, lakini salio lako hawezi kuligusa.

Jambo lingine, na hili watu hulisahau: laini iliyo ndani ya modemu imesajiliwa kwa jina lako. Ukiuza modemu au ukimpa jirani, toa laini kwanza. Anayeipata anaweza kuiweka kwenye simu na kusoma kila SMS inayotumwa kwa nambari hiyo, zikiwemo nambari za siri za mara moja. Ndiyo maana hatushauri nambari ya modemu itumike kusajili akaunti ya biashara. Kama yako imesajiliwa hivyo, pigia huduma kwa wateja leo ibadilishwe, na uwe na kitambulisho chako karibu.