Habasoda: Chupa moja, kilo nne za mbegu

Darajani mjini Zanzibar, Kariakoo jijini Dar es Salaam na Marikiti ya Mombasa, habasoda huuzwa kwa sura tatu: mbegu, unga na mafuta. Mafuta ndiyo bei yake juu, na ndiyo rahisi kuchakachua.

Soko hili lilijengwa na imani kabla ya matangazo. Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, iliyomo katika Sahih Bukhari, inaisifu mbegu hii kuwa ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti. Ibn Sina naye aliitaja katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun. Hadi leo hulambwa na asali kwa kikohozi, na harufu yake huvutwa kwa mafua.

Mbegu nyingi hulimwa India, Misri, Uturuki na Ethiopia, ambako huitwa tikur azmud na hutiwa katika mchanganyiko wa viungo uitwao berbere. Faida huanzia kwenye mashine ya kukamulia. Mbegu ina mafuta yapatayo theluthi moja ya uzito wake, na ukamuaji usiotumia moto hauyatoi yote. Lita moja hula kilo tatu hadi nne. Anayepasha moto hupata mafuta mengi zaidi, lakini huhatarisha thaimokwinoni, kiini kilichotengwa na El-Dakhakhny wa Misri mwaka 1963. Kiini hicho huharibiwa na joto na mwanga, ndiyo maana chupa nzuri huwa ya rangi nzito.

Majaribio kwa binadamu yameonesha sukari na shinikizo la damu likishuka kwa kiasi, ingawa mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Hakuna ushahidi kwamba habasoda huponya saratani wala Ukimwi. Anayetumia dawa za kisukari aonane kwanza na daktari, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mjamzito naye asinywe kipimo cha tiba bila ushauri.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mfanyabiashara mwaminifu asajili, apime, na aandike kwenye lebo kile tu anachoweza kuthibitisha.

Nawe mnunuzi, piga hesabu kabla ya kulipa: lita ya mafuta ikiuzwa chini ya bei ya kilo tatu za mbegu, ndani ya chupa hiyo mna kitu kingine.