KINYAGO KINASEMA NINI?



Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwenge uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro. Je, uliwashwa ili watu wapate moto wa kupikia? La. Uhuru hauonekani kwa macho, lakini moto unaonekana. Mwenge ulikuwa mfano.

Watengenezaji wa sinema nao hufanya hivyo. Utumwa wa moyoni haupigwi picha. Basi hutafuta kitu kinachoonekana, kikabebe jambo lisiloonekana.

Tumchukue Ousmane Sembène wa Senegal. Huyu bwana alikuwa mpakuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille, Ufaransa. Baadaye akaandika vitabu. Lakini wengi nchini kwake walikuwa hawajui kusoma, vitabu haviwafikii. Ndipo akaenda Moscow kujifunza kazi ya sinema. Mwaka 1966 alitoa sinema iitwayo La Noire de..., habari ya msichana Diouana.

Diouana anapata kazi ya uyaya kwa Wafaransa mjini Dakar. Kwa furaha anawapa zawadi ya kinyago cha kuvaa usoni. Wanakitundika ukutani pamoja na vinyago vingine.

Kisha wanamchukua kwenda kwao Ufaransa. Alidhani atalea watoto. Kumbe ni kupika, kufua na kupiga deki, wala hatoki nje. Kinyago nacho kipo kule. Sasa kiko peke yake katika ukuta mweupe, mtupu. Hebu kitazame vizuri: ndiye Diouana! Kimetolewa kwao, hakina mwenzake, kimekuwa pambo la nyumba ya watu.

Siku moja anakitoa ukutani. Mama mwenye nyumba anakishika, wanavutana. Kipande cha mti tu, wanagombea nini? Diouana anadai utu wake. Lakini huzuni imekwisha kumzidi, na mwishowe anajiua.

Usidhani kila kitu katika sinema ni mfano. Kikombe mara nyingi ni kikombe tu. Angalia kile kinachorudi rudi, kila mara mahali pengine, mikononi mwa mtu mwingine.

Kinyago hiki kinarudi tena. Yule bwana wa Kifaransa anakipeleka Dakar pamoja na mshahara wa marehemu. Mama yake Diouana anakataa fedha. Mtoto mmoja wa kiume anakivaa kinyago na kumfuata yule bwana njiani. Hana silaha, hasemi neno. Bwana anageuka, anaongeza mwendo, anageuka tena. Anamwogopa mtoto!

Wengine husema pale kinyago ni Afrika. Mimi naona ni dhamiri ya yule bwana, inamfuata nyuma. Anaingia katika gari lake, anaondoka. Mtoto anabaki njiani, anakishusha kinyago polepole, na sisi tunauona uso wake.