Kabla ya kununua sola, fanya hesabu hii



Hapa Bukavu umeme ukikatika hakuna anayeshangaa. Sababu moja tunaijua: taka za plastiki tunazotupa zinashuka ziwani, zinafika Ruzizi na kuziba mitambo. Ndiyo maana nyumba nyingi sasa zina paneli juu ya mabati. Mama anapokea zamu yake ya likelemba, anakwenda sokoni, anarudi na paneli, batri na onduleri, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa batri uwe kama ule wa prizi. Mwezi wa kwanza ni furaha tupu. Mwaka haujaisha, taa zinazimika saa mbili usiku na batri imekufa. Pesa imekwenda, na michango ya wenzake bado anapaswa kuilipa.

Mara nyingi jua halina kosa. Kilichokosekana ni hesabu ya kuzidisha ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza.

Wati na saa

Fikiria bidoni ya maji yenye robine. Kuna maji yaliyomo ndani, na kuna ukubwa wa robine inayoyatoa. Batri ni bidoni. Wati za kifaa ni ukubwa wa robine: kifaa cha wati 10 kinadondosha, cha wati 1,000 kinamwaga. Ukizidisha wati kwa saa za kutumia, unapata wati-saa, yaani maji yote yaliyotoka. Wati zimeandikwa nyuma ya kifaa au chini yake, kando ya herufi W.

Jioni moja ya nyumba moja

- Taa 5 za LED, wati 7 kila moja, saa 5: 175
- Televizyo ya wati 50, saa 4: 200
- Radio ya wati 10, saa 6: 60
- Simu 4, kila moja karibu 15: 60

Jumla ni wati-saa 495. Onduleri na nyaya nazo zinakula kidogo, kwa hiyo tuongeze sehemu moja ya tano. Tunafika karibu 600.

Sasa tutazame batri ya volti 12 yenye maandishi 100 Ah. Zidisha: 12 × 100 = 1,200. Lakini batri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, haipendi kushuka chini ya nusu. Ukiikausha kila usiku, itakufa mapema. Halali yako ni 600 tu. Kwa nyumba yetu inatosha, bila ziada. Batri ya litiamu inakuachia karibu 80 kwa 100 na inaishi miaka mingi zaidi, ila bei yake ya mwanzo ni kubwa.

Na paneli je? Mchana una saa 12, lakini jua lenye nguvu kamili tulihesabu saa 4. Gawanya 600 kwa 4, unapata wati 150. Kwa sababu ya mawingu na vumbi, chukua paneli ya wati 200. Siku za mvua nyingi hata hiyo itapungukiwa, na jioni hiyo televizyo ipumzike.

Kinachotoa moto kikae mbali na batri

Pasi, resho na birika la umeme mara nyingi vinavuta wati 1,000 au zaidi. Nusu saa ya pasi ya wati 1,000 inaweza kula 500. Linganisha na hesabu ya juu: hiyo ni jioni nzima ya taa, televizyo, radio na simu, kwa ajili ya mashati machache! Sare za watoto zipigwe kwa pasi ya makala, au zisubiri umeme wa mji urudi.

Frigo

Frigo ndogo ya wati 100 haifanyi kazi mfululizo, lakini kwa siku moja inaweza kula 800 mpaka 1,000. Hiyo ni karibu mara mbili ya vifaa vyote tulivyohesabu. Tena mota yake inapoanza, kwa kitambo kidogo inavuta mara kadhaa ya wati zake. Ndiyo maana onduleri ya wati 300 inaweza kuzimika ingawa hesabu inaonekana sawa.

Mama anayetaka kuuza vinywaji baridi ahesabu onduleri ya wati 1,000 au zaidi, ya sinusi safi ili mota isichemke ovyo, paneli za wati 600, na batri tatu kama ile ya kwanza. Kisha ajiulize: faida ya vinywaji itarudisha pesa hiyo kwa miezi mingapi? Kama hajui, aanze na taa na simu.

Sokoni

Inua batri kabla ya kulipa. Batri ya kweli ya risasi ya 100 Ah ina uzito wa karibu kilo 25 mpaka 30. Ukiambiwa ni 200 Ah na kijana anaibeba kwa mkono mmoja, maandishi yanadanganya. Batri ya gari nayo iache: imetengenezwa kuwasha injini, si kuwasha nyumba usiku kucha. Dai pia nyaya nene na fuzibo karibu na batri. Waya mwembamba unapata moto, na moto huo unaweza kuchoma nyumba.

Nyumbani

Batri ya risasi inapojazwa hutoa gesi inayowaka. Isikae chumba cha kulala, wala karibu na mbabula au mshumaa. Iwekwe penye hewa, mbali na mikono ya watoto, maana ndani yake mna asidi. Ile ya maji iongezewe maji ya batri peke yake, si ya ziwa wala ya kuchemsha. Paneli ifutwe asubuhi ikiwa bado baridi. Kivuli cha mti wa avoka kwenye kona moja tu kinaweza kupunguza sana umeme.

Linabaki jambo ambalo fundi hawezi kulifunga: mapatano. Baba anataka mpira, mtoto ana mtihani, kijana anachajia marafiki simu. Bidoni ni moja. Andikeni karatasi, ibandikwe ukutani. Jua likiwa kali, fanya kazi zote zinazoweza kufanyika mchana: simu, cherehani ya umeme, mashine ya kunyolea. Usiku, taa ya masomo iwe ya kwanza na televizyo ya mwisho.

Wiki hii, zunguka nyumba na mtoto wako mkiwa na daftari. Yeye asome W, wewe uandike na kuzidisha. Leta daftari hilo kwenye mkutano wetu, tulisahihishe pamoja kabla zamu yako ya likelemba haijafika.