Mupaka njo unapima rais: namna watu wa Kivu wanabadilisha mawazo

Kuna swali moja ambalo marafiki wa Kinshasa hawachoki kuniuliza: "Ninyi watu wa Kivu munamupenda rais ao hapana?" Swali hilo linachukua maoni ya watu kama jina la ubatizo, ukishapewa unabaki nalo. Mimi nilisoma agronomia, si siasa. Lakini kazi yangu inanipeleka kwa wakulima na kwa bamama wenye kuvusha vitu mupakani, na kule njo nilianza kuelewa matokeo ya kura zetu. Kwetu rais hapimwi kwanza kwa chama chake. Anapimwa kwa mupaka: nani anaingia, nani anatoka, na kama sisi wenyewe tuliambiwa.

Tuangalie mwaka 2006. Katika duru ya pili, Joseph Kabila alimushinda Jean-Pierre Bemba kwa 58 kwa mia katika inchi nzima. Katika Kivu zote mbili alipita 90 kwa mia. Je, watu wetu walikuwa wanapenda PPRD hivyo? Chama hicho kilianzishwa 2002, na sijakutana na mukulima hata mumoja aliyenieleza programu yake. Kitu walichojua ni kwamba mwaka huo wa 2002 mapatano yalitiwa sahihi Pretoria, na jeshi la Rwanda likaondoka rasmi katika inchi yetu. Kabila alionekana kuwa mutu aliyefunga mulango. Kura ya 2006 ilikuwa shukrani juu ya mulango huo.

Mwezi wa kwanza 2009 mulango ukafunguliwa tena, safari hii na mwenye nyumba. Maaskari wa Rwanda waliingia Nord-Kivu kwa mapatano na Kinshasa, katika operesheni iliyoitwa Umoja Wetu, ili kuwafukuza FDLR. Vital Kamerhe, mutoto wa Bukavu, alikuwa prezida wa Bunge na mutu mukubwa wa PPRD. Alisema kwenye Radio Okapi kwamba yeye hakujulishwa, na kwamba kama ni kweli, jambo hilo ni zito. Mwezi wa 3 akaacha kiti chake. Kisha akaunda UNC, na 2011 akasimama kugombea urais juu ya mukubwa wake wa zamani. Alipata karibu 8 kwa mia katika inchi nzima, na sehemu kubwa ya kura hizo ilitoka Kivu, pale ambapo Kabila alianguka sana kuliko 2006.

Hapa wengi wanakosea. Wanasema watu wa Kivu walikasirika juu ya kuchukia jirani. Lakini FDLR walikuwa wanavuna mashamba ya watu, na mukulima wa Masisi ao wa Walikale alitaka waondoke kuliko mutu yeyote. Kilichouma ni kusikia habari hiyo kwenye redio. Katika kazi yangu ni vile vile: ukimuletea mukulima mbegu ya muzuri bila kumuuliza, ataipanda pembeni, na ikishindwa atakumbuka jina lako miaka kumi.

Sasa tuje kwa Félix Tshisekedi. Alipoanza, 2019, alichagua kufungua. Alienda Kigali, ndege za RwandAir zikafika mpaka Goma, na mwezi wa 6 2021, kisha volkano ya Nyiragongo kulipuka, yeye na Paul Kagame wakakutana Rubavu na Goma, wakatia sahihi mapatano ya biashara. Wakati ule kusema vizuri juu ya urafiki huo hakukuwa haya. Nilisikia wachuuzi wa Goma wakisifu, na sababu ilikuwa wazi.

Kwa wenye hawajafika kule, nieleze kidogo. Goma na Gisenyi ni kama muji mumoja wenye mustari katikati. Kwenye Petite Barrière, wakati wa amani, makumi ya maelfu ya watu wanavuka kwa siku, wengi ni wanawake wenye mutaji mudogo sana. Mama ananunua nyanya, karoti ao maziwa upande mumoja, anauzisha upande mwingine, na kwa faida anarudi kununua tena. Nguvu ya biashara yake si ukubwa wa kiloba. Ni idadi ya safari. Akivuka mara tatu kwa siku, pesa yake ndogo inafanya kazi mara tatu. Na nyanya haingojei kesho.

Kisha M23 ikarudi mwisho wa 2021. Bunagana ikaanguka tarehe 13/6/2022, na siku chache nyuma yake askari wetu mumoja akauawa pale pale Petite Barrière. Serikali ikaamua mupaka ufungwe saa tisa ya mchana. Fanya hesabu: safari tatu zinakuwa mbili, wakati mwingine moja, na kinachobaki kwenye beseni kinauzishwa kwa hasara. Lakini wanawake hawa hawa walikuwa wanatembea barabarani kuimba dhidi ya Rwanda. Mumoja wao aliniambia: "Niko na kasirani na Rwanda, lakini watoto yangu banakula juu ya Gisenyi." Hakuna unafiki hapo. Ni mawazo mawili ya kweli katika kichwa kimoja, na karatasi ya kura haina nafasi ya kuandika yote mawili.

Na Uganda? Mwisho wa mwezi wa 11 2021 jeshi la Uganda liliingia Beni na Ituri kupigana na ADF, kwa ruhusa ya Kinshasa. Daktari Mukwege alipinga wazi, na alikuwa na sababu: mwaka 2005 mahakama ya The Hague ilihukumu Uganda juu ya vita vya zamani, na 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325. Lakini upande wa Beni niliwasikia wengi wakipokea, kwa sababu walikuwa wamechoka kuzika. Jirani wawili, jeshi mbili, majibu mawili. Anayesema "Kivu inafikiri hivi" aulizwe kwanza: Kivu ya wapi?

Vyama vinajua haya yote, na vinayatumia. Kampeni ya 2023 haikuongea sana juu ya barabara ao mbegu. Iliongea juu ya Rwanda. Tshisekedi, mwenye alikuwa Rubavu miaka miwili na nusu mbele, akiwa Bukavu alimulinganisha Kagame na Hitler, na upande wake ukawaita wapinzani kama Moïse Katumbi wagombea wa wageni. Kamerhe, mutu wa 2009, alikuwa tayari waziri wa uchumi wake. Bemba wa 2006 alikuwa waziri wa ulinzi. Ndiyo maana nacheka kidogo nikiona vijana wanapigana juu ya rangi ya chama: wakubwa wanahama, rangi inabaki na wewe.

Ile maneno ya "mugeni" lakini hainichekeshi. Inaanza na mugombea, inaishia kwa jirani. Kuna Wakongomani wanaosema Kinyarwanda ambao babu zao walilima Rutshuru na Masisi, na kila kampeni ya namna hii wao njo wanaangaliwa vibaya sokoni na katika auditoire, hata kama wamekimbia M23 sawa na wengine.

Tshisekedi alitangazwa mushindi kwa zaidi ya 73 kwa mia, na wapiga kura karibu 43 kwa mia ya walioandikwa. Watu wa Kinshasa wananionyesha 73 hiyo kama jibu la swali lao. Mimi naangalia upande mwingine. Uchaguzi wa 2018, Beni na Butembo hawakupiga kura ya rais: yao ilisongezwa mpaka mwezi wa 3 2019, wakati rais alikuwa ameshaapa. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Masisi na Rutshuru, juu ya vita. Ni wilaya mbili zenye kulima sehemu kubwa ya maharagi na viazi vya Nord-Kivu, na Rutshuru inagusa Uganda na Rwanda pamoja. Watu wenye mupaka unapita karibu na shamba lao hawamo katika ile 73, wala katika 27 inayobaki.