Hela za Tabora Zisisuguliwe

Sarafu yenye kasoro si lazima iwe bandia. Mwaka 1916, Kasanga yetu ikiitwa bado Bismarckburg, Wajerumani waliofungiwa njia ya bahari walipiga wenyewe heller 20 za shaba huko Tabora. Kutokana na heller ndipo tulipopata neno hela.

Mihuri yao ya chuma ilipasuka, shaba ikapenya ufani. Basi ufa wa muhuri huonekana juu ya sarafu kama mstari ulioinuka, ilhali mkwaruzo huchimba. Mihuri mingine ikachongwa: taji hili kubwa, lile dogo.

Anayeisugua kwa mchanga anafuta ushahidi huo. Tunawaomba maofisa utamaduni, bara na visiwani, waziandikishe kabla hazijayeyushwa.